Tunafyeka kila mwezi, mbona maua yanazidi kupotea?

"Habari za kazi, mtaalamu. Sisi ni kikundi cha kujitolea cha watu 14, katika kijiji kimoja juu ya mji wa Lushoto. Tunatunza njia ya mguu ya kilomita mbili na nusu. Inatoka kijijini, inapita kando ya mashamba, inavuka kijito, inafuata ukingo wa msitu na kuishia kwenye mwamba wa kutazamia bonde. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunafyeka mita mbili kila upande, tunakwangua kwa jembe mpaka udongo uonekane, kisha takataka tunazichoma. Njia inapendeza, lakini huu ni mwaka wa tatu na maua ya porini yamepungua sana, vipepeo hawaonekani kama zamani, na masika njia inageuka mfereji. Majani ndiyo yanazidi, na karibu na msitu lantana imefunga kabisa. Wenzangu wanataka tupulize dawa ya magugu, halafu tununue mbegu za maua mjini tupande. Wengine wanasema tukiacha majani tutaleta nyoka. Tufanye nini?"

Ndugu msomaji, pole na hongereni. Watu 14 kutoka kila mwezi kwa miaka mitatu si jambo dogo. Misaragambo mingi hufa kabla ya mwaka kwisha. Na tatizo lenu si uvivu, ni kinyume chake: mnafanya kazi nyingi kuliko njia inavyohitaji, na kubwa yake inafanyika wakati usiofaa. Mkipunguza kazi na kuipangia majira, maua yatarudi, nanyi mtapata nguvu ya kushughulikia maji na lantana, ambavyo ndivyo vinavyohitaji jasho. Dawa na mbegu za dukani nashauri mviache vyote viwili; sababu nitazieleza nikifika huko.

Nianze na swali gumu zaidi: kwa nini majani yanashinda na maua yanashindwa, wakati fyekeo linakata vyote sawasawa? Ni kwa sababu ya mahali mmea unapokulia. Ukoka na majani mengine ya jamii yake hukua kutokea chini, kwenye kifundo kilicho karibu na udongo. Ukikata juu, kifundo kinabaki salama, na baada ya siku chache jani jipya limechomoza. Mimea mingi ya maua hukulia nchani. Ncha ndiyo yenye kitumba, na ndiyo fyekeo linayoanza nayo. Mmea uliokatwa ncha hulazimika kutoa machipukizi ya pembeni kwa akiba iliyo mizizini, na kabla hayajatoa ua, Jumamosi ya mwisho wa mwezi imefika tena. Baada ya misimu miwili mitatu akiba huisha, mmea unakufa, na nafasi yake inachukuliwa na ukoka. Kufyeka kila mwezi, kwa kweli, ni kulima ukoka.

Halafu kuna mbegu. Chukueni yale maua laini ya waridi na mekundu, yenye shina la majimaji, yanayoota penye kivuli na unyevu kando ya kijito. Wataalamu huyaita Impatiens, na milima ya Usambara ni nyumbani kwao. Tunda lake likikomaa hupasuka lenyewe na kurusha mbegu, lakini hazifiki mbali. Kwa hiyo maua ya mwakani pale kijitoni hutegemea karibu yote mimea iliyopo leo pale pale. Mkiifyeka wiki moja kabla tunda halijakomaa, mmekata mmea na kizazi chake. Mkiifyeka wiki chache baadaye, mbegu zimekwisha kuanguka, wala hamjaharibu kitu.

Jembe linaongeza shida. Katika udongo wa kando ya njia zimelala mbegu nyingi zinazongoja mwanga. Ukikwangua, unaziamsha, na zinazowahi kuamka si za maua mnayoyataka bali za magugu yaliyozoea udongo uliovurugwa. Mfano mzuri ni kishona nguo. Huota haraka, hutoa maua na mbegu upesi, na katika mwaka mmoja hupitisha vizazi kadhaa. Mbegu zake hunasa kwenye suruali zenu na kusafiri nanyi hadi mwisho wa njia. Pale mlipokwangua mwezi uliopita, nendeni mkaangalie kilichoota kwanza.

Moto nao una hasara tatu. Unaua viwavi na mayai ya wadudu yaliyomo kwenye majani yaliyokatwa, unaunguza udongo chini ya lundo, na katika kiangazi unaweza kuingia msituni mkashindwa kuuzima. Lakini pia msiyaache majani yalale mlipoyakata. Yakioza yanarutubisha udongo, na rutuba hiyo huyanufaisha zaidi majani makubwa, huku mimea midogo ya maua ikifunikwa na kukosa mwanga. Yaacheni siku mbili tatu ili mbegu zidondoke na wadudu watoke, kisha yakusanyeni kwa reki mkayatumie kama matandazo kwenye kahawa au migomba. Mwenye shamba jirani atawashukuru. Yenye mbegu za kishona nguo au matunda ya lantana msiyapeleke shambani kwa mtu.

Kuhusu vipepeo, watu wengi hudhani kipepeo anahitaji maua tu. Ua ni chakula cha kipepeo mkubwa. Kiwavi wake anakula majani, tena si majani yoyote. Yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano hutaga kwenye michungwa, mindimu na jamaa zake, na wapo wengine ambao viwavi wao hula nyasi tu, au mimea ya jamii ya kunde. Wafugaji wa vipepeo wa Amani, kule Usambara ya Mashariki, na wenzao wanaozunguka msitu wa Arabuko-Sokoke kule Kenya, wanalijua hili vizuri: kabla ya kufuga kipepeo, panda kwanza jani la kiwavi wake. Ukanda wenu wa mita mbili unaofyekwa wote kwa siku moja unaondoa chakula cha viwavi wote kwa mpigo. Ndiyo maana maua machache yaliyobaki hayana mgeni.

Sasa utaratibu mpya. Badala ya kuiona kando ya njia kama kitu kimoja, igawanyeni katika kanda. Sehemu ya kukanyaga iwe na upana wa mita moja hadi moja na robo; hiyo wekeni wazi daima. Kila upande wake acheni ukanda wa nusu mita unaofyekwa kila majani yanapofika magotini, kwa kawaida kila wiki sita hadi nane wakati wa mvua, na mara chache sana kiangazi. Ukanda huu ndio jibu la wenye hofu ya nyoka. Nyoka hudhuru mtu anapokanyagwa au kushtukizwa, na mtu anayeona anapoweka mguu hamkanyagi. Nusu mita ya majani mafupi inatosha kwa hilo. Mita mbili za udongo mtupu haziongezi usalama, zinaongeza mmomonyoko tu. Viatu vya buti na kutoingiza mkono mahali usipopaona vinafanya kazi kubwa kuliko fyekeo.

Kuanzia hapo hadi mita mbili ndiko kwenye maua. Huko fyekeni mara moja kwa mwaka, upande mmoja tu, na mwaka unaofuata upande wa pili. Kateni kwa urefu wa sentimita 10 hadi 15 kutoka ardhini, msishuke zaidi, na jembe lisiingie kabisa. Wakati mzuri kwa Lushoto ni mwishoni mwa Agosti hadi katikati ya Septemba: mimea iliyochanua baada ya masika imekwisha kumwaga mbegu, na vuli haijaanza. Hata hivyo tarehe si amri. Shika kikonyo chenye matunda, kitikise juu ya kiganja. Mbegu zikidondoka kavu, kateni. Zikiwa bado za kijani, subirini wiki mbili. Mahali palipo na maua yanayochelewa, wekeni kijiti chenye kitambaa ili mfyekaji apite mbali.

Vichaka na matawi yanayozuia njia yapogoeni kati ya Juni na Agosti. Ndege wengi wa misitu hii hutaga kuanzia kipindi cha kuelekea vuli hadi mwanzoni mwa mwaka, na kiota kilichofichwa kichakani hakionekani mpaka mtu amekwisha kukiangusha.

Jambo moja la milima yenu ambalo miongozo ya kutoka nje haiwezi kulitaja: vinyonga. Usambara ina vinyonga wasiopatikana kwingineko duniani, na kundi zima la jamii yao limepewa jina la kisayansi Kinyongia, neno lenu hilohilo. Usiku hulala kwenye ncha za vijiti vya kando ya njia, na asubuhi ya baridi hawawezi kukimbia. Mnaoanza kufyeka saa moja asubuhi ili mmalize mapema mnawakata wakiwa bado wamelala. Fanyeni kwanza kazi ya mawe na mitaro, fyekeo lianze saa nne jua likishapasha, na mtu mmoja atangulie akipiga majani taratibu kwa fimbo. Wafyekaji waachane hatua tano au zaidi. Fyekeo likichomoka mpini halichagui.

Maji sasa, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mkikosea maji, mengine yote ni bure. Njia haikugeuka mfereji kwa bahati mbaya. Kila mwezi jembe limeondoa udongo kidogo, na kila mguu umeushindilia uliobaki, mpaka njia ikawa chini kuliko kingo zake. Maji yakiingia hayana pa kutokea, yanakusanyika, yanaongeza kasi, na kasi ndiyo inayochimba. Watu nao wakikuta tope wanapita pembeni, juu ya maua, na njia inapanuka.

Siku ya mvua kubwa ya kwanza, watu wawili wapite njia nzima wakiwa na vijiti. Wachomeke kijiti kila mahali maji yanapoingia njiani, na kila mahali yanapoweza kutolewa bila kuingia shambani au nyumbani kwa mtu. Saa moja hiyo ya kulowa itawafundisha mengi kuliko mkutano wa siku nzima. Kisha pimeni mteremko: chukueni ubao ulionyooka wa mita mbili, ncha moja iwe chini, juu yake wekeni pima maji, inueni ncha ya upande wa bondeni mpaka ubao ulale sawa, mpime urefu kutoka ncha hiyo hadi ardhini. Ukiwa sentimita 20, wekeni kingamaji kila mita 20 hadi 25. Ukiwa sentimita 40, kila mita 12 hivi. Ukizidi 60, kingamaji peke yake hazitoshi; panahitaji ngazi za mawe au njia ihamishwe izunguke.

Kingamaji ni safu ya mawe inayokata njia kwa mshazari. Tumieni mawe marefu ya sentimita 30 hadi 40, theluthi mbili yakiwa ardhini, yakishikana bila mwanya, na yatokeze sentimita 10 hadi 15 tu. Safu ielekee bondeni kwa nyuzi 30 hadi 45, na ipite ukingo wa chini wa njia kwa sentimita 30. Hapo chimbeni mdomo wa kutolea maji wa urefu wa mita moja, mkaupange mawe ili maji yanayotoka yasichimbe shimo jipya. Kosa linaloonekana sana ni kuiweka kingamaji ikikata njia moja kwa moja. Maji yanasimama, tope linajaa nyuma yake, na mvua ya pili yanaruka juu yake kana kwamba haipo. Kosa la pili ni kutumia magogo: mchwa na kuoza vitayamaliza, na gogo lililolowa linateleza. Kosa la tatu, nalo ndilo linaloua kingamaji nyingi, ni kuzisahau. Zisafisheni mwishoni mwa Februari na mwishoni mwa Septemba, kabla ya kila msimu wa mvua.

Pale palipokwisha kuwa handaki, msimwage udongo mlegevu. Mvua moja itaupeleka mtoni. Pangeni vizuizi vya mawe kama ngazi fupi kila baada ya mita mbili tatu ndani ya handaki, acheni tope lijae lenyewe nyuma yake, na kingo zake pandeni majani ya Guatemala ambayo wakulima wa Lushoto wanayajua tangu enzi za makinga maji ya SECAP, ule mradi wa kuzuia mmomonyoko wa udongo. Yapandeni upande wa mashamba tu, kwenye makovu ya mmomonyoko. Kwenye ukanda wa maua yatawaletea shida ileile ya ukoka, kwa ukubwa zaidi.

Lantana ni kesi yenye pande mbili, na ni haki kuzisema zote. Vipepeo hunywa kwenye maua yake na ndege hula matunda yake, kwa hiyo wanaosema ina uhai hawasemi uongo. Lakini viwavi wachache mno hula majani yake, inafunga mwanga mpaka chini yake hakuoti kitu, na hao hao ndege wanasambaza mbegu zake. Iondoeni, ila kwa mafungu. Mkiondoa kichaka chote kwa siku moja mtawanyang'anya ndege maficho, na ardhi iliyobaki tupu itaota lantana nyingine.

Anzeni na miche michache iliyotapakaa upande wa msitu, ambako bado kuzuri, mkirudi kuelekea kwenye kichaka kikubwa. Wengi hufanya kinyume na kuchoka kabla hawajaokoa chochote. Fanyeni kazi hii wakati udongo umelowa, Aprili na Mei au Novemba, kabla matunda hayajawa meusi. Mnapokuta kiota, rukeni hapo. Miche midogo ng'oeni kwa mkono. Mikubwa kateni kwa urefu wa goti, mkiacha shina la kushikia, kisha chimbeni kwa sululu mpaka mtoe kitako cha mzizi, sentimita 10 au zaidi chini ya udongo. Ukikata juu tu, visiki vitachipua mara dufu. Yaliyong'olewa yawekeni mizizi juu, kwenye mawe, yakauke. Vaeni mikono mirefu na glavu. Na jambo la usalama: majani ya lantana ni sumu kwa ng'ombe, kondoo na mbuzi, hivyo malundo yawe mbali na malisho, na watoto wasile matunda yake mabichi.

Msifungue zaidi ya mita 20 kwa mara moja. Hapo hapo pandeni miti na vichaka vya asili kutoka kitalu cha karibu, kama mringaringa na mshai, na mrudi kung'oa miche mipya kila miezi miwili au mitatu kwa miaka miwili kamili. Bila kurudi, afadhali msianze.

Dawa ya magugu ya kupuliza haichagui. Itaua ukoka pamoja na maua yaliyobaki na kuacha udongo mtupu, tukarudi kwenye kishona nguo. Kijito chenu, bila shaka, kinamwagilia mboga za watu chini huko, na baadhi ya michanganyiko ya dawa hizo hudhuru vyura. Kwa kilomita mbili na nusu na watu 14, sioni haja yake. Mbegu za dukani nazo ni maua ya bustani kutoka mbali, na Usambara imekwisha kuonja matokeo ya wageni wa namna hiyo. Lantana yenyewe ilianza kama ua la kupamba nyumba. Kule Amani, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti na bustani ya mimea mwaka 1902, mti wa msizi ulioletwa kutoka nje ya milima hiyo ulisambaa msituni, mbegu zake zikibebwa na hondohondo. Mkitaka kusaidia asili, kusanyeni mbegu kutoka kwenye mimea ileile ya njia yenu, chini ya moja ya kumi ya zilizopo, mzimwage siku hiyohiyo mita chache mbele kwenye mahali palipo wazi.

Mwamba wenu wa kutazamia uangalieni kwa makini upande wa kivulini. Mkiona mmea mdogo wenye majani manene yenye vinyweleo na ua la zambarau, huenda ni urujuani wa Usambara, ambao Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire aliupeleka Ulaya mwaka 1892 na leo uko madirishani dunia nzima, huku porini ukizidi kuadimika. Unaishi kwa kivuli na unyevu. Msisugue mwamba, msikate mti unaouwekea kivuli, na msimwoneshe kila mgeni ulipo.

Yapo mambo ambayo maandishi hayatoshi, mtu lazima afike. Kipande cha msituni, ulizeni kwanza kama kimo ndani ya hifadhi kama ile ya Magamba. Kama kimo, chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 hamruhusiwi kukata mimea bila kibali, hata lantana, basi nendeni ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu na barua ya kijiji mkononi. Pale kijitoni, sheria ya mazingira ya 2004 inalinda mita 60 za kando ya maji, kwa hiyo daraja au ngazi za kudumu zipitie kwa afisa mazingira wa halmashauri. Mwiteni afisa misitu mkiona mti mkubwa umeegemea njia na udongo umeinuka mizizini. Na mkiona nyufa ardhini juu ya njia, au miti imeanza kuinama pamoja baada ya mvua ndefu, fungeni njia siku hiyohiyo, mkae mbali mpaka mtaalamu wa udongo aje; kingamaji haizuii mlima unaoteleza.

Kabla ya Jumamosi ijayo, chagueni mita 200 tu za kujaribia, katikati ya njia. Kila mita 50 pigeni vigingi vinne pembeni kufanya mraba wa mita moja kwa moja, hesabuni aina za mimea yenye maua iliyomo, mpige picha, muandike tarehe. Rudieni Juni na Desemba kila mwaka. Msimu wa kwanza mtaona majani marefu na watu watawasema kuwa mmezembea, basi wekeni kibao kijijini kinachoeleza mnachofanya. Na mkimaliza kazi, kabla ya kuondoka kipande kimoja kwenda kingine, ng'oeni vishona nguo kwenye suruali, mvitie mfukoni mwa plastiki.